Michezo ya Zamani katika Televisheni ya Zamani

Mwaka 2014 Rwanda ilizima mitambo ya zamani ya kurushia picha za televisheni. Tangu hapo, mwenye televisheni kuukuu, ile nene yenye bomba la kioo, hapati matangazo pasipo king'amuzi. Kisanduku hicho ni mkalimani tu: hupokea picha kwa tarakimu, kisha huigeuza iwe umeme wa kupanda na kushuka ambao televisheni ile huufahamu. Basi, mwanafunzi wa Kigali atakaye kucheza humo michezo ya vidio ya kale kwa kompyuta ya leo ahitaji mkalimani wa namna hiyo hiyo. Lakini wako wakalimani wabaya, na wengi hupotezea fedha zao hapo.

Kwanza yafaa tujue jinsi televisheni hiyo ichoravyo. Ndani ya bomba, mwali wa elektroni hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ukiacha mstari wa mwanga. Kwa kanuni iitwayo PAL, mistari yote ni 625, na 576 ndiyo yenye picha. Haichorwi kwa mara moja: huchorwa ile ya witiri, kisha ile ya shufwa, na kila nusu huchukua sehemu moja ya 50 ya sekunde.

Mashine za michezo za kale hazikufanya hivyo. Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983, ilituma mistari 240 tu, ikaichora mahali pale pale kila mara. Ndiyo sababu picha yake ilitulia bila kupepesa.

Kompyuta ya leo hutoa picha kwa tundu la HDMI, na mara nyingi mistari yake ni 1080. Madukani utaona waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja, na upande wa pili vichwa vitatu: cha manjano kwa picha, cheupe na chekundu kwa sauti. Waya mtupu kama huo usiununue, kwa kuwa ndani yake hamna cha kutafsiri. Tafuta kisanduku chenye kupewa umeme, na hakikisha kwamba HDMI ndiko kuingiako picha na AV ndiko itokako, maana viko vya kinyume vilivyofanana navyo kwa sura. Picha ikitokea bila rangi au ikipandapanda, geuza swichi ya PAL na NTSC.

Hata hivyo kisanduku kina kasoro mbili. Hukamua mistari 1080 iingie katika 576, kwa hiyo herufi ndogo hufifia na mistari myembamba hupepesa. Tena kazi hiyo huchukua muda: wabonyeza kitufe sasa, mchezaji aruka baadaye kidogo, naye amekwisha tumbukia shimoni.

Dawa iko. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, toleo la 3, yaweza kutoa picha ya kizamani moja kwa moja kwa tundu lile lile la kusikilizia sauti. Ukiipangia, hutuma mistari 240 kama mashine za kale. Hapo hakuna kukamua wala kungoja mkalimani.

Neno la mwisho ni la hadhari. Usifungue televisheni hiyo kamwe. Bomba lake hutumia volti zaidi ya 20,000, na umeme huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Ikifa kabisa, usiitupe bondeni, kwa kuwa kioo chake kina risasi, madini yenye sumu. Ipelekwe kunakoshughulikiwa taka za umeme, kama kiwanda cha Bugesera. Lakini kama ingali hai, usiache mbachao kwa msala upitao.