Bomba la Chemba Lapitia Nzega (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye bei ya kiwandani, ile ya kwenye ankara kabla mzigo haujasogea. Leo tuufuate mzigo wenyewe. Mfano tunao: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambalo mkuza wake unakatiza wilaya ya Chemba.

Mabomba ya chuma yenyewe, ya inchi 24, yametengenezwa China. Hapo sioni la kubishania. Kujenga kiwanda cha chuma cha kiwango hicho kwa ajili ya mradi mmoja tu ni kutafuta hasara.

Ubishi uko kwenye koti. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi au zaidi. Bomba linavikwa povu nene la kutunza joto, kisha ganda la plastiki juu yake. Kwa nini kazi hiyo nayo isimalizikie China, kwenye mafundi na mitambo tele?

Piga hesabu. Bomba tupu lina kipenyo cha sentimita 61. Kwenye treila la upana wa mita 2.5 yanalala manne sambamba. Chukulia koti la sentimita 7: kipenyo kinafika 75, na sasa yanaingia matatu. Umelipia nafasi ya povu, ambalo kwa sehemu kubwa ni hewa, tangu melini hadi barabarani. Tena koti hilo likibonyezwa na mkanda wa kreni bandarini, fundi wa kulirekebisha yuko ng'ambo ya bahari. Dawa za kutengenezea povu, kinyume chake, husafiri zikiwa kimiminika, hazijaumuka.

Ndiyo maana kiwanda cha kuvika koti kikajengwa Sojo, wilayani Nzega, Tabora, kikazinduliwa Machi 2024.

Msomaji wa Chemba atahoji: lori la kutoka Dar es Salaam linapita Dodoma, linakwenda Nzega, halafu bomba letu linarudishwa mashariki? Ndiyo, na safari hiyo ina gharama. Lakini kiwanda cha pili huku kingehitaji mitambo yake, maabara yake na mafundi wake, kwa kipande kifupi cha njia. Dizeli ya kurudi ni nafuu kuliko hayo.

Wiki ijayo: fedha inayolala baharini huku riba ikitembea.