Grafu ya MATLAB Inayotoweka: Namna ya Kuishika kutoka Python

Kijana mmoja wa chuo hapa Mombasa alinijia juzi na kompyuta yake, uso umemshuka. Kwa mradi wake wa mwisho alikuwa amechora grafu ya maji kujaa na kupwa Kilindini, bamvua na maji mafu yote yakionekana. Lakini kila akiendesha programu, dirisha la grafu lachomoza kidogo kisha latoweka. Na kesho yake ndiyo siku ya kuiwasilisha kwa walimu.

Alikuwa akiiamuru MATLAB kutoka Python. Wengi hudhani hapo pana programu moja, kumbe ziko mbili. Python hutoa amri, MATLAB huchora, na kati yao pana daraja ambalo MathWorks, wenye MATLAB, walilitoa mwaka 2014 katika toleo la R2014b. Python ikimaliza kazi yake, MATLAB iliyoiwasha hufungwa nayo, na dirisha laenda zake.

Sasa, ukiiomba MATLAB ichore mstari, Python hairudishiwi picha. Hurudishiwa kishikio. Ni kama kamba ya nanga: nanga iko chini ya maji, huioni, lakini kamba i mkononi mwako. Mstari una kishikio chake, jira zina chao, maandishi yana chao, hata dirisha zima. Ukitaka mstari uwe mnene au mwekundu, kitume kishikio chake kwa amri ya set, pamoja na jina la sifa na thamani yake. Ukitaka kujua hali yake, tumia get. Ile njia ya nukta uliyoizoea ndani ya MATLAB usiitegemee upande wa Python. Na MATLAB ikifungwa, kishikio ulichobaki nacho ni kamba isiyo nanga.

Tahadhari na mafunzo ya zamani. Kabla ya R2014b vishikio vya grafu vilikuwa namba tupu, kwa hivyo mifano mingine ya wakati ule itakupotosha.

Mitego miwili humnasa karibu kila mgeni. Orodha ya kawaida ya Python ikivuka daraja hugeuka kuwa aina ya data ambayo amri ya kuchora haiikubali. Lazima uifunge kwanza kwa matlab.double. Pili, daraja hudhani kila amri itarudisha jibu moja. Kwa amri isiyorudisha kitu, kama set unapobadilisha rangi, ongeza nargout=0, la sivyo utapewa kosa hata kama rangi uliyoiandika ni sahihi.

Kuhusu dirisha linalotoweka, waweza kuiambia Python ingoje mpaka ubonyeze kitufe. Sisi tulichagua njia nyingine: tulifungua MATLAB wenyewe, tukaandika ndani yake matlab.engine.shareEngine, kisha Python ikajiunga nayo kwa connect_matlab. Hapo Python yaweza kuondoka, MATLAB na grafu zikabaki.

Yote haya yahitaji leseni halali ya MATLAB. Nakala za wizi mimi sizipendi, iwe kwa dini au kwa usalama wa kompyuta yako. Asiye na uwezo ana GNU Octave, ya bure, inayoelewa set na get vilevile. Ila daraja lake na Python ni jingine, laitwa oct2py.

Tulimaliza karibu na adhana ya Isha. Kwa tahadhari nilimwambia aihifadhi grafu kama picha pia, kwani stima huku kwetu haina ahadi.