Je, Wajua? Mvua ya mwezi yaweza kufichua hatari ya mmomonyoko

Mvua kali ya nusu saa yaweza kubeba udongo mwingi kuliko manyunyu ya siku nzima. Kupima ukali huo barabara kunahitaji kipimamvua kinachorekodi kila dakika chache, kifaa adimu mashambani.

Kumbe jumla za mvua za kila mwezi zatosha kukadiria hatari ya mmomonyoko! Kanuni aliyoichapisha mtafiti Arnoldus mwaka 1980 ni hii: zidisha mvua ya kila mwezi kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa mvua ya mwaka. Milimita 600 zikienea sawasawa miezi 12, jibu ni 50. Zikimwagika sawasawa miezi 4 tu, ni 150: jibu likiwa kubwa, hatari nayo ni kubwa.

Mvua hukusanyika hivyo hata Ngoliba, mashariki mwa Thika: huja hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mara nyingi shamba likiwa limelimwa na bado wazi.