Kizibo Si Kipimo cha Dawa

Leo tunazungumza na ninyi wa Kibaha na Kisarawe mnaolima mchicha, bamia na nyanya chungu na kuzipeleka Dar es Salaam. Neno letu ni juu ya kuchanganya dawa ya wadudu na maji.

Wengi wetu hupima kwa kizibo. Lakini vizibo havilingani: kimoja huchukua mililita 5, kingine 10 au zaidi. Dawa ikizidi, huweza kuunguza majani, na sumu hubaki kwenye mboga itakayoliwa. Ikipungua, wadudu sugu hupona, huzaana, na mwishowe dawa ile haiwawezi tena.

Haya, tupige hesabu. Tuseme maelezo ya chupa yanataka mililita 30 kwa lita 20 za maji. Gawa 30 kwa 20, unapata mililita 1.5 kwa kila lita. Je, bomba lako la mgongoni ni la lita 16? Zidisha 1.5 kwa 16. Jibu ni mililita 24. Pima kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano, na kisitumike tena jikoni.

Sasa angalia nguvu ya dawa yenyewe. Chupa yenye gramu 100 za sumu kwa lita, mililita zake 24 zina gramu 2.4. Ukinunua dawa ileile yenye gramu 200 kwa lita, mililita 24 zitakuwa na gramu 4.8, yaani maradufu! Hapo nusu yake, mililita 12, ndiyo inayolingana na ile ya kwanza. Kwa hiyo kila chupa mpya isome upya, usifuate mazoea. Usipoelewa maandishi, muulize bwana shamba au bibi shamba.

Tia maji nusu ya bomba, mimina dawa, koroga, kisha jaza maji. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na simama upepo ukiwa mgongoni. Bomba usilioshee mtoni wala kisimani. Maji ya Ruvu yanatumiwa na watu wengi, hata wa Dar es Salaam. Chupa tupu itoboe, isije ikatiwa mafuta ya taa au maji ya kunywa. Na kabla ya kuvuna, ngoja siku zilizoandikwa, hata kama mchuuzi amekwisha kufika shambani.

Kwa leo ni hayo. Kazi njema, wakulima.