Maganda ya Kahawa na Sumu Isiyokufa kwa Moto

Askari aliyepata mafunzo hujua kwamba maji huchemshwa kabla ya kunywewa. Amri hiyo ni sahihi, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini ipo sumu ambayo moto hauiwezi. Risasi, shaba na kromi ni metali. Maji yenye risasi yakichemshwa hata yakapungua nusu, risasi yote hubaki sufuriani, na kila kikombe huwa na sumu maradufu.

Mji wa Jinja unahusika na jambo hili kwa namna ya pekee. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vingi. Hata shaba ya Kilembe, magharibi kabisa mwa Uganda, ililetwa Jinja kwa reli ikayeyushwa huko. Viwanda vya ngozi, navyo, hutumia kromi. Tena si viwanda peke yake: betri ya gari ina sahani za risasi, na maji yake yakimwagwa nyuma ya gereji hufuata mtaro. Viwanja vya shabaha navyo huacha udongoni metali ile ile. Risasi humdhuru zaidi mtoto mdogo, ambaye ubongo wake ungali unakua. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, yaani miligramu 0.2 katika jerikeni la lita 20. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakina ladha.

Huko Mbale, kahawa ya Mlima Elgon ikikobolewa huacha marundo ya maganda, na mpunga wa Doho, wilayani Butaleja, huacha makapi. Wataalamu wa nchi nyingi wamethibitisha kwamba taka za namna hiyo hunasa metali. Nyuzi za mmea zina sehemu zenye umeme hasi. Chembe za risasi na shaba majini zina umeme chanya, nazo hunata hapo. Maganda huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha maji hupitishwa humo polepole.

Hata hivyo, gunia la maganda si mtambo. Maji makali ya betri huyazuia yasinase kitu, mpaka ukali upunguzwe kwa chokaa. Maganda pia hujaa, na yakishajaa maji hupita na sumu yake. Kipimo cha maabara pekee ndicho kinachoonyesha saa hiyo imefika. Maganda yaliyojaa yamebeba sumu yote iliyotoka majini, hivyo hayafai kuwa mbolea, wala kuni, wala chakula cha mifugo. Huhifadhiwa katika chombo kilichofungwa, mbali na kisima. Nayo maji yaliyosafishwa, hata baada ya kupimwa, bado yana vijidudu, na hurudishwa motoni yachemshwe.