Nani Alikuwa Zamu?

Mwalimu Julius Nyerere alifia London, katika hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999. Watanzania wengi walilisikia jina la hospitali ile pamoja na msiba. Sisi manesi tulilijua tangu chuoni, maana ndiko Florence Nightingale alikoanzisha shule yake ya uuguzi mwaka 1860, na hakuna aliyesomea kazi hii asiyefundishwa habari hiyo. Redio ilipotangaza kifo, nililia kama wenzangu, kisha nikajiuliza swali la kinesi: nani alikuwa zamu usiku wake wa mwisho?

Nimekuwa nesi na mkunga hadi kustaafu, na naishi Tandika, hapa Temeke. Tangu nivue sare nafuatilia habari za manesi waliowauguza viongozi na wapigania uhuru. Ukimuuliza mtu mzima yeyote kuhusu ugonjwa wa Mwalimu, atakutajia saratani ya damu, na huenda akamtaja Profesa David Mwakyusa, daktari wake. Ni haki yake kutajwa. Lakini daktari hupita raundi, huandika, huenda kwa mgonjwa mwingine. Anayebaki ni nesi. Ndiye anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anayempima presha saa nane za usiku, anayejua kama uji umenyweka au umekataliwa. Mtu mkubwa akiugua, cheo huishia mlangoni. Kitandani kuna mwili unaohitaji kuoshwa, na yupo mtu anayeuosha.

Manesi hupotea katika historia kwa sababu tatu nilizoziona kazini. Ya kwanza ni kiapo: siri ya mgonjwa haitoki wodini, na nesi mwema huzikwa nayo. Ya pili ni makaratasi. Daktari huandika kwenye faili linalohifadhiwa, lakini sisi tulikabidhiana zamu kwa kitabu cha ripoti, na kikijaa hupelekwa stoo kuliwa na mchwa. Ya tatu ni jina lenyewe. Wodini wewe ni "sista" tu. Ukiolewa unabadili jina la ukoo, na cheti cha chuo hakilingani tena na orodha ya mishahara.

Kazi ambayo haikuandikwa inaweza kuwa ndiyo iliyookoa maisha. Tarehe 20 Septemba 1958, Martin Luther King, akiwa na miaka 29, alikuwa Harlem, New York, akiwasainia watu kitabu chake. Mwanamke mmoja akamchoma kifuani kwa kisu cha kufungulia barua. Ncha ilisimama karibu kabisa na mshipa mkuu wa damu. Hospitali ya Harlem ilimpasua, na majina ya madaktari Maynard, Cordice na Naclerio yakaingia katika historia. Lakini mgonjwa aliyelazwa usingizi na kufunguliwa kifua hapumui mwenyewe. Nesi wa usingizi, Goldie Brangman, alikuwa akibinya mfuko wa hewa kwa mkono, pumzi baada ya pumzi, madaktari wakifanya kazi yao. Usiku wa kuamkia siku aliyouawa, mwezi Aprili 1968, King alikikumbuka kisa hicho hadharani. Alieleza kwamba angepiga chafya tu angekufa, akamtaja hata msichana wa shule aliyemwandikia barua. Mkono uliompa pumzi haukutajwa. Brangman aliendelea na kazi, na mwaka 1973 akawa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza chama cha manesi wa usingizi wa Marekani. Aliishi hadi 2020, akiwa na miaka 102. Kisa chake tunakijua kwa sababu alikuwa bado hai watu walipokumbuka kumuuliza.

Kwetu, ninachokishikilia zaidi ni kisa cha manesi 20 wa Afrika Kusini. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu, na masista wengi wa Kiingereza walikuwa wakifunga mizigo. Mwalimu aliomba msaada kwa Oliver Tambo wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Kazi ya kuwatafuta manesi huko Afrika Kusini ikamwangukia Albertina Sisulu, mke wa Walter Sisulu, naye mwenyewe nesi na mkunga wa Johannesburg. Wakapatikana wanawake weusi waliosomea kazi barabara. Walitoka kwa siri, wakijua kwamba serikali ya makaburu isingewaruhusu kurudi kwao. Wakaja kuzalisha wake zetu, kuchoma sindano watoto wetu na kuziba pengo katika hospitali za nchi changa. Marufuku dhidi ya ANC iliondolewa Februari 1990, na kwa wengi wao njia ya nyumbani ilikuwa imefungwa karibu miaka 30. Wajukuu zetu hufundishwa orodha ya viongozi wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Orodha ya manesi 20 hawafundishwi.

Na hapa hapa Temeke, pale Kurasini, palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa mwaka 1963 na kuongozwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Pamoja na masomo ya kawaida, vijana walifundishwa unesi msaidizi. Mwaka huo huo aliingia Dar es Salaam nesi kutoka hospitali ya Miguel Bombarda, Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Huko alikuwa ameona nesi mweusi akilipwa pungufu kuliko mzungu kwa kazi ileile, na uchungu huo ulimsukuma kwenye siasa. Jina lake Samora Machel. Mkewe Josina, aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ile ya Kurasini, alifariki Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji imeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya wanawake wake. Nesi aliyekuwa na miaka 22 katika wodi za Muhimbili mwaka ule, leo ana zaidi ya 70. Manesi wa rika hilo tunaishi nao Mbagala, Mtoni na Chang'ombe, wengine miguu haiwachukui tena.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa vyuo vya uuguzi: anzeni na walio hai, makaratasi yafuate. Ukifika kwa bibi nesi, mwamkie, kaa, mwache aanze na chuo alichosoma na matroni aliyemfundisha kutandika kitanda. Omba picha za mahafali, kwa kuwa nyuma yake mara nyingi kuna majina na mwaka. Usimuulize siri za mgonjwa, maana kiapo chake hakikuisha alipostaafu. Muulize alifanya wodi gani, zamu zilipangwaje, na wenzake walikuwa nani. Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa kule Upanga, kwenye matoleo ya zamani ya Gazeti la Serikali, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukasome magazeti ya Uhuru na Ngurumo ya miaka ile. Jina ulilopewa kwa mdomo ndilo litakalokuonyesha pa kutafuta.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yupo nesi mstaafu, chukua daftari wiki hii. Andika jina lake la usichana na la ndoa, chuo, mwaka wa cheti, hospitali na wodi alizofanyia, na majina ya watu wa zamu yake. Peleka nakala moja kwenye chuo alichosomea, nyingine ibaki kwa familia. Viongozi wetu waliuguzwa na watu wenye majina, na wenye majina hayo wanaondoka.