Safari Fupi Yataka Mpango Mrefu

Askari aliyepewa ruhusa ya siku chache huwa na maadui wawili: usingizi na haraka. Usingizi humlaza siku ya kwanza na ya pili. Haraka humwamsha siku ya tatu, akawapakia mke na watoto katika gari la abiria bila ya kujua wendako, akarejea kambini usiku hali mfuko ni mtupu na watoto wanalia njaa. Familia nyingi za wanajeshi na polisi zimekwisha kuionja likizo ya namna hiyo. Lakini kwa wale waishio Mbarara, na kwa ndugu zao wanaowatembelea, ziko safari fupi na nzuri za kufanywa kwa siku tatu, tena kwa gharama ya kadiri, iwapo mpango utafanywa kabla ya mizigo kufungwa.

KUUFUATA MTO

Mbarara, ambayo ilipandishwa daraja kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, iko umbali wa kilometa zipatazo 270 kutoka Kampala, kando ya barabara kuu iendayo Rwanda na Kongo. Mto Rwizi wapita katikati yake na ndio uwapatiao wakazi maji ya mabomba. Ukitoka mjini, mto huo waelekea mashariki hadi kwenye mabwawa na maziwa ambayo Ziwa Mburo na Ziwa Nakivale ni miongoni mwake. Mwaka 2006 ardhi oevu hiyo ilitiwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, yaani ya sehemu za maji zinazostahili kuhifadhiwa na mataifa yote.

Kwa hiyo apangaye safari fupi hana haja ya kutafuta mbali. Na aufuate mto. Vituo vitatu vyamtosha: Biharwe, Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

KUHESABU KUTOKA MWISHO

Mpango mwema huanzia mwisho. Kwanza huandikwa siku na saa ya kuripoti kazini, kisha siku nyingine huhesabiwa kurudi nyuma. Mwenye ruhusa ya siku nne asizitie zote njiani. Siku tatu ziwe za kutembea, na ya nne ibaki nyumbani kwa kufua, kupumzika na kupiga sare pasi. Askari afikaye lindoni akisinzia hakupata likizo, amebadilisha mahali pa kuchokea tu.

Baada ya siku huja njia. Hapa wengi hukosea kwa sababu huhesabu kilometa wakasahau saa. Wanaotembea Scotland kwa gari hufundishwa somo hilo hilo. Kutoka Edinburgh hadi Glasgow, miji miwili mikubwa ya nchi hiyo, ni mwendo wa kama saa moja kwa barabara pana; lakini huko milimani kaskazini njia nyingi ni za upana wa gari moja, zenye vituo vya kupishana, na umbali ule ule waweza kula saa mbili. Ankole nako ni vivyo hivyo. Barabara kuu ya kwenda Masaka ni ya lami, ila imejaa malori marefu ya mizigo. Njia ya Nakivale si ndefu, lakini kipande chake cha mwisho ni cha udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni utelezi. Mvua nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei, tena kati ya Septemba na Desemba. Awezaye kuchagua, na achague miezi iliyobaki.

SIKU YA KWANZA NA YA PILI

Biharwe iko kilometa zipatazo 12 kutoka Mbarara, katika barabara ya Masaka. Hapo pana kituo cha utamaduni cha Igongo, chenye jumba la makumbusho ambamo watoto huonyeshwa vyombo vya maziwa, silaha, mavazi na maisha ya watu wa Ankole na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Karibu na hapo umesimamishwa mnara wa kukumbusha siku jua lilipopatwa. Mapokeo husema kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirejea kwao na ng'ombe aliowateka vitani, ghafla mchana ukageuka usiku, jeshi lake likaingiwa na hofu na kuwaacha mifugo hapo. Wataalamu wa nyota wamehesabu kwamba jua lilipatwa kabisa katika sehemu hizo tarehe 17 Aprili 1520. Hivyo hadithi ya wazee ikapata tarehe, na wanahistoria wakaitumia kukadiria miaka ya wafalme wa kale.

Alasiri familia yaweza kuendelea hadi Sanga na kuingia Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambayo ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Humo mna pundamilia, nyati, pofu, viboko na mamba, pamoja na swala pala ambaye ndiye mnyama wa sifa wa hifadhi hiyo. Twiga waliletwa humo mwaka 2015. Tembo hakuna, na heri watoto waambiwe mapema ili wasishinde siku nzima wakimtafuta. Katika hifadhi hiyo mgeni aruhusiwa kutembea kwa miguu akifuatana na askari wa wanyamapori mwenye silaha, na kupanda mashua ziwani.

Jambo moja la fedha likumbukwe. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Aingiaye saa tisa alasiri aweza kulala, akatembea alfajiri wakati wanyama wako nje, akapanda mashua asubuhi, na kutoka kabla ya saa tisa ya pili yake kwa malipo ya mara moja. Aingiaye asubuhi na kulala hujikuta akidaiwa tena. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko watalii wa kutoka mbali, kwa hiyo kitambulisho kisiachwe nyumbani. Usiku wa pili ni bora kulala Mbarara, ili kesho yake safari ianze mapema.

SIKU YA TATU: NAKIVALE

Makazi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kilometa zipatazo 60 kutoka Mbarara. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya nchini kwao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Leo zaidi ya watu laki moja huishi humo, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Walio wengi ni Wakongo, na pamoja nao wako Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Hapana ua wa seng'enge. Familia hugawiwa kipande cha ardhi, zikajenga na kulima mahindi na maharage.

Kwa familia ya askari, Nakivale ina mvuto ambao hifadhi ya wanyama haina: lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi wa Uganda tangu enzi za King's African Rifles, na mwaka 2005 kilitiwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Nchini Uganda mtoto aliyekulia katika nyumba za polisi hukizoea kukisikia kwa baba yake na rafiki za baba yake, kikiwa lugha ya amri na gwaride. Huko Nakivale hukisikia sokoni kwa akina mama wa Kongo, kikiwa lugha ya nyumba na ya kubembelezea watoto. Atasikia aksanti badala ya asante, na bintu badala ya vitu. Mwanamume mtu mzima huitwa papa, na mwanamke huitwa mama. Sombe atakayoandaliwa ni kisamvu alichosikia kikitajwa na wageni wa Tanzania. Katika vibanda vya Wasomali atapata chai ya viungo na anjera. Wako wanajeshi wa Uganda waliokwenda kulinda amani Somalia tangu Machi 2007, na watoto wao husikia jina la Mogadishu kila siku bila ya kuwahi kuonana na mtu aliyezaliwa huko. Hapo waweza kuonana naye.

Lakini mpango wa siku hiyo una sharti moja kubwa kuliko yote. Sare na iachwe nyumbani. Kofia ya kijeshi, suruali ya mabaka na buti, vyote visiingie katika mkoba. Wengi wa wakazi wa Nakivale walizikimbia nyumba zao kwa sababu ya watu wenye sare na bunduki, na mtoto mdogo hana ujuzi wa kubagua sare ya nchi hii na ya nchi ile. Aionapo hukimbia kwanza, akauliza baadaye. Wazee wa Mbarara hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya Mbarara, na tarehe 25 Februari 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliuteka mji wenyewe, nao ukaachwa na majengo mengi yaliyobomoka. Aliyekuwa mtoto siku hizo ajua jinsi moyo unavyodunda buti zikipita nje ya dirisha.

Aidha, mgeni wa Nakivale aanze kwa ofisi ya mkuu wa makazi, ambayo iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ajitambulishe na kueleza alichokuja kufanya. Asipige picha ya mtu kabla ya kumwomba. Asitupe pipi barabarani ili watoto wazigombee. Akitaka kusaidia, na anunue: samaki wa ziwani, kitenge kilichoshonwa, mahindi, sahani ya chakula. Tangu mwaka 2023 posho ya chakula kwa wakimbizi nchini Uganda imepunguzwa kwa awamu, na shilingi ya mnunuzi humfikia mama wa kibanda moja kwa moja, tena bila ya kumvunjia heshima.

WATOKAO NAKIVALE KUJA MJINI

Safari hii ina upande wa pili. Familia ya Nakivale nayo huja Mbarara, pengine kumleta mgonjwa katika hospitali kuu ya mkoa, pengine kumwona kijana aliye chuoni, au kuuza na kununua tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yampa mkimbizi haki ya kutembea nchini kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Kwake yeye mpango huanza na kitambulisho cha ukimbizi cha kila mtu mzima, pamoja na karatasi ya familia kwa ajili ya watoto. Asiyekuwa navyo aweza kupoteza nusu siku kwenye kizuizi cha barabarani akijieleza. Na polisi asimamaye kwenye kizuizi hicho, ambaye juma lililopita alikula sombe Base Camp na wanawe, atajua kuisoma karatasi ile na kumwachilia mama awahi hospitali.

FEDHA NA GARI

Fedha ya safari hugawanywa mafungu manne kabla ya kutoka: la njia, la kulala, la chakula, na la nne ambalo halina jina. Hilo la nne hufungwa katika pindo la kanga ya mama, na halifunguliwi ila kwa ugonjwa au gari kuharibika. Likirudi nyumbani zima, huwa ada ya shule. Chakula cha njiani hupikwa usiku wa kuamkia safari. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi za kuchoma na maji yaliyochemshwa huokoa fedha nyingi na matumbo mengi.

Wanaokodi gari na wakague matairi, breki, taa na maji ya rejeta, wahakikishe kwamba tairi la akiba lina upepo na jeki ipo, na mafuta yajazwe Mbarara. Wanaopanda teksi ya abiria wasikubali kubanwa kupita idadi ya viti, na apandaye bodaboda avae kofia ngumu. Mtoto asisafirishwe mbele ya dereva. Zaidi ya yote, usiku usiwakute njiani, kwa maana gizani barabara hizo hutumiwa pia na ng'ombe, baiskeli na malori yaliyoharibika bila ya taa. Anayetaka kufika Mbarara kabla ya saa kumi na mbili na atoke Nakivale saa tisa, hata kama mazungumzo ni matamu.

Siku ya nne huwa ya nyumbani. Mama hufua nguo zilizoshika vumbi jekundu, kitenge kipya hukunjwa sandukuni, na watoto huwahadithia majirani habari za pundamilia na za mama wa sokoni aliyesema aksanti. Baba hupasha pasi moto. Sare yake ilikaa siku zote tatu ikining'inia nyuma ya mlango, na kesho asubuhi ataivaa na kwenda kazini.